Kila Mtu Abebe Mzigo Wake: Askari Akitesa, Mbona Sisi Ndio Tunaolipa?



Ndugu zetu katika imani, wazazi, walezi na vijana wa Arua, Koboko, Yumbe na popote zilipo familia zetu. Baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), leo tunataka kulisema kwa sauti jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona barazani baada ya swala ya Ishaa, na kila mtu akishashika njia ya kwake hulinyamazia. Jambo lenyewe ni hili: askari anapompiga, kumtesa au kumuua mtu asiye na hatia, ni nani hasa anayelipa?

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa madrasa abaki na alifu na bee, siasa awaachie wenyewe. Tunawajibu kwa heshima. Mtoto tunayemfundisha asubuhi ndiye huyo huyo anayesimamishwa njiani usiku akitoka kazini na boda boda yake. Na mama yake anapotoa shilingi 100,000 kwenye simu ili anunue unga na sabuni, serikali inakata kodi ya asilimia 0.5, yaani shilingi 500. Kwa hiyo mwili ni wa kwetu na pesa ni za kwetu. Hilo ni jambo la familia kabla halijawa jambo la siasa. Na hatuandiki kwa ajili ya chama chochote. Miongoni mwa wasomaji wetu wako wanaovaa manjano, wako wanaovaa nyekundu na wako wanaovaa buluu, na wote tunasimama nao safu moja.

YALIYOTUKUTA MWAKA 2018

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jioni ya Ijumaa, tarehe 8 Juni 2018, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, mbunge wetu wa Manispaa ya Arua, Kanali Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake Matugga, wilaya ya Wakiso, pamoja na mlinzi wake. Nchi nzima ilimjua kwa mavazi yake ya manjano. Alikuwa mtu wa chama tawala bila kificho, aliyeunga mkono kuondolewa kwa ukomo wa umri wa Rais mwaka 2017. Wengi hapa Arua walipingana naye katika hilo, lakini alipouawa walilia wote. Mauti hayana rangi ya chama.

Ukaitishwa uchaguzi mdogo wa tarehe 15 Agosti mwaka ule. Siku mbili kabla, Jumatatu tarehe 13, ilikuwa siku ya mwisho ya kampeni. Rais Museveni alikuwa mjini kumpigia debe mgombea wa NRM, Bi. Nusura Tiperu. Mbunge Robert Kyagulanyi, anayejulikana kama Bobi Wine, naye alikuwa mjini akimpigia debe mgombea binafsi, Bwana Kassiano Wadri. Serikali ilisema kwamba gari la msafara wa Rais lilipigwa mawe. Yaliyofuata usiku ule tunayajua sote. Yasin Kawuma, dereva wa Kyagulanyi, alipigwa risasi akafa akiwa ndani ya gari. Watu zaidi ya 30, wabunge miongoni mwao, wakakamatwa na baadaye wakashtakiwa uhaini katika mahakama ya Gulu. Waandishi wawili wa televisheni ya NTV waliokuwa wakirusha habari nao wakakamatwa. Mbunge Francis Zaake alipigwa kiasi cha kulazwa hospitali. Wakati watuhumiwa walipofikishwa mahakamani, baadhi yao hawakuweza kutembea wenyewe.

Watu wa Arua walipiga kura tarehe 15 wakamchagua Wadri akiwa kizuizini. Hilo lilikuwa jibu lao, na walilitoa kwa karatasi ya kura, si kwa jiwe. Lakini swali la Kawuma limebaki pale pale. Aliyerusha mawe, kama yupo, sheria ilimtafuta usiku ule ule. Aliyerusha risasi, je? Miaka imepita, na hakuna mtu aliyesimamishwa mahakamani akahukumiwa kwa damu ile. Alikuwa na jina, alikuwa na mke na watoto, na risasi iliyomuua ilinunuliwa kwa kodi.

Tunasema hivi bila kumhukumu mtu tusiyemjua. Tunachotaka ni kwamba mahakama imjue.

TUPIGE HESABU

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi hawajaangalia vizuri.

Machi 2017 aliuawa Kampala afisa mkubwa wa polisi, Andrew Felix Kaweesi. Lilikuwa jambo ovu, na waliomuua walistahili kutafutwa. Lakini watu wengi walikamatwa, wengi wao Waislamu, na baadhi wakapelekwa katika kituo cha Nalufenya, Jinja, ambacho jina lake peke yake lilitosha kumtia mtu homa. Oktoba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliona kwamba watuhumiwa 22 waliteswa, ikaamuru kila mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 80. Aprili 2018 Inspekta Jenerali mpya wa wakati ule, Martin Okoth Ochola, akakifunga Nalufenya kama mahali pa kuwekea mahabusu.

Zidisha mwenyewe: milioni 80 mara 22 ni shilingi bilioni 1 na milioni 760. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamuru pia Zaake, yule yule aliyepigwa hapa Arua, alipwe milioni 75 kwa mateso mengine aliyoyapata alipokamatwa Aprili 2020 akigawa chakula wakati wa karantini. Na hizi ni kesi mbili tu ambazo zina majina makubwa. Ziko nyingine nyingi za watu wasiojulikana, katika mahakama na katika baraza la Tume ya Haki za Binadamu.

Nani anashtakiwa katika kesi hizi? Mara nyingi ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na akishindwa, je, anatoa mfukoni mwake? Hapana. Inatoa hazina. Na hazina ni nani? Ni yule mama wa shilingi 500. Ili apatikane mtu mmoja wa kulipwa milioni 80 kwa kodi ile ya simu peke yake, lazima akina mama watoe shilingi laki moja moja mara 160,000. Kwa watu 22, ni mara milioni tatu na nusu. Aliyeshika fimbo ndani ya chumba cha giza hakukatwa hata shilingi. Pengine alipandishwa cheo.

Basi tazameni tulivyolipa mara mbili. Kwanza tunalipa kwa ngozi ya watoto wetu. Kisha tunalipa kwa mifuko yetu ili waliochunwa ngozi wafidiwe. Na tukishamaliza kulipa, aliyefanya bado ana fimbo yake mkononi.

Wala msidhani kwamba waliopewa haki ya fidia huipata haraka. Kwa miaka mingi Tume ya Haki za Binadamu yenyewe imekuwa ikilalamika kwamba tuzo inazotoa hazilipwi kwa wakati. Wako waliosubiri hadi wakafa, warithi wao wakaendelea kusubiri.

Lakini je, serikali yetu haina pesa? Bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 72, na ya 2025/26 pia ilipita trilioni 72. Aprili 2020, wananchi wakiwa wamefungiwa ndani kwa ajili ya korona, wabunge walijitengea shilingi bilioni 10, milioni 20 kwa kila mmoja. Mei 2022 tume inayosimamia Bunge ilikaa ikaamua kuwapa makamishna wake wanne zawadi ya utumishi: mmoja milioni 500, na watatu milioni 400 kila mmoja. Mmoja wa hao watatu ni wa kwetu West Nile, wakati ule mbunge wa akina mama wa Zombo. Habari hii wananchi hawakuijua hadi mwaka 2024. Jumla yake ni bilioni 1 na milioni 700.

Linganisheni wenyewe. Watu 22 walioteswa waliamriwa bilioni 1.76 baada ya kushtaki, kuonyesha makovu yao mbele ya jaji na kuhojiwa. Watu wanne waliokuwa na mishahara minono walipata bilioni 1.7 kwa kikao kimoja walichokaa wao wenyewe. Hatusemi kwamba walivunja sheria. Tunasema kwamba nchi inajulikana kwa kile inachokilipa upesi na kile inachokilipa kwa kusuasua.

Na yako pia yaliyovunja sheria. Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu maskini wa Karamoja yaligawanywa kwa wakubwa, na Aprili 2025 aliyekuwa waziri mdogo wa Karamoja, Agnes Nandutu, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa mabati 2,000. Tumelitaja hili kwa makusudi. Huyu alihukumiwa kwa jina lake. Hawakuitwa watu wa kabila lake wala wa wilaya yake kuja kubeba kosa. Kama inawezekana kwa waziri aliyechukua mabati, kwa nini isiwezekane kwa askari aliyevunja mguu wa mtu?

DINI YETU INASEMAJE?

Watoto wetu wa darasa la pili wanajua msingi huu: hakuna nafsi itakayobebeshwa dhambi ya nafsi nyingine. Msingi huu si wa Akhera tu. Ndio msingi wa kila hukumu ya haki hapa duniani.

Msomaji makini anaweza kutuuliza: "Je, Mtume (s.a.w.) hakulipa fidia kutoka mali ya umma?" Swali zuri. Alilipa. Wanazuoni wa sira wanasimulia kwamba baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Khalid bin Walid (r.a.) alitumwa kwa kabila la Banu Jadhima, na wakauawa watu ambao hawakustahili kuuawa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile. Kisha akamtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) na mali. Ali akalipa dia ya kila aliyeuawa, akalipa kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Mali ilipobaki, akawaachia pia, kwa tahadhari ya hasara ambayo huenda haikukumbukwa.

Tujifunze mambo matatu hapa. La kwanza, kitendo kilikataliwa hadharani, na aliyekikataa ni kiongozi mwenyewe, hakumwachia msemaji. La pili, hakusubiri kushtakiwa. Malipo yaliwafuata wenye msiba nyumbani kwao. La tatu, yalitimia mpaka ya chombo cha mbwa. Ni serikali gani leo inayoweza kusema imefanya hata moja katika haya matatu kwa ajili ya waliouawa?

Na wanazuoni walieleza kwamba tukio lile lilikuwa la vitani na la kukosea katika kufasiri maneno ya wale watu. Kosa la namna hiyo jamii hulibeba pamoja. Lakini kumfunga mtu kamba katika chumba na kumpiga usiku kucha ili akiri, hilo ni kosa la kufasiri nini? Hilo ni dhuluma ya makusudi, na dhuluma ya makusudi ina mwenyewe. Imesimuliwa pia kwamba siku ya Badr, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akinyoosha safu alimgusa Sawad bin Ghaziyya tumboni kwa mshale. Sawad akasema ameumizwa, anataka kisasi chake. Mtume (s.a.w.) akafunua tumbo lake mwenyewe mbele ya jeshi zima. Hakumwambia akaidai hazina.

Kama amiri jeshi wa majeshi ya Allah alikubali kuwajibika kwa mwili wake kwa ajili ya mguso wa mshale, ni afande gani wa leo aliye juu ya kuwajibika?

SISI WA WEST NILE TUNAJUA UZITO WA MZIGO WA MWINGINE

Ndugu zetu, kuna sababu ya pekee kwa nini sisi wa upande huu tunapaswa kulisimamia jambo hili kuliko wengine wote.

Tunajua ilivyo nguvu ya bunduki kuwa mikononi mwa watu wa kwetu. Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko, alitawala kuanzia 1971 hadi 1979. Katika miaka ile wako vijana wa kwetu waliotumika katika jeshi na katika ile idara ya upelelezi iliyotisha nchi nzima. Watu waliingizwa ndani ya buti za magari wasionekane tena. Hakuna aliyewajibishwa kwa jina lake wakati ule.

Na nini kilitokea? Serikali ilipoanguka, mzigo ambao haukubebwa na waliotenda ulitupiwa watu wote. Mkulima wa Maracha asiyewahi kufika Kampala akaitwa mtu wa Amin. Mama wa Kikakwa, Mlugbara, Mwaringa, Mnubi, wote wakawa kitu kimoja. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa UNLA waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, ambako raia walikuwa wamekimbilia, wakawaua. Waliouawa pale hawakuwa na kesi na mtu. Waislamu na Wakristo wa West Nile wakavuka mipaka, maelfu kwa maelfu, kuingia Zaire na Sudan. Rika letu, sisi tuliozaliwa karibu na miaka ile, wengi tulijifunzia kutembea ukimbizini.

Ndiyo maana tunasema: askari mwovu asipoadhibiwa peke yake, siku moja ataadhibiwa pamoja na kijiji chake. Mama zetu walilipa deni la watu ambao hawakuwajua. Leo watu wa magharibi mwa nchi wananyooshewa vidole kama tulivyonyooshewa sisi jana, eti wote ni wamoja na wenye bunduki. Sisi tukatae maneno hayo katika nyumba zetu. Tukatae watoto wetu wasiyaseme. Aliyetesa ana jina na namba ya kazi, atafutwe huyo.

Na sisi kama Waislamu tumeonja pia. Kila bomu linapolipuka au kiongozi anapopigwa risasi, kanzu na ndevu huwa ushahidi. Tunapodai kwamba kosa la mmoja lisiwe la wote, tunadai kwa ajili ya kila mtu, na kwa ajili ya polisi pia. Maana polisi nao si wote wabaya.

ASKARI NAYE NI MTOTO WETU

Tusiwe watu wa kusema upande mmoja. Katika kambi za polisi wamo vijana tuliowafundisha sisi wenyewe kusoma Yaasin. Wengi wanaishi na familia zao katika vibanda vya mabati ambavyo jua la Januari likiwaka havikaliki. Mshahara ni mdogo. Gari la doria halina mafuta, na mwananchi anayekwenda kushtaki wizi anaambiwa achangie mafuta, na mara nyingine hata karatasi ya kuandikia maelezo. Hili nalo ni swali la matumizi ya serikali. Pesa za magari ya maji ya kuwasha na mabomu ya machozi huwa zinapatikana. Pesa za karatasi na choo cha kambi ndizo zinazokosekana.

Askari mwema anaumizwa mara mbili na mwenzake mwovu. Anachukiwa na majirani kwa kosa ambalo hakulifanya, na pesa ambazo zingetengeneza nyumba yake zinakwenda kulipia fidia. Kwa hiyo kumwajibisha mwovu si kuichukia polisi. Ni kumwokoa yule mwema.

SHERIA IPO, HAITUMIWI

Jambo la kusikitisha ni kwamba tunachokidai si kipya. Katiba ya 1995 inakataza mateso kabisa, na inasema katazo hilo haliwezi kuondolewa kwa hali yoyote. Sheria ya 2012 ya kuzuia mateso inasema kwamba mtesaji anaweza kufungwa hadi miaka 15, na kwamba kisingizio cha "niliamriwa na mkubwa" hakimwokoi. Kisha ikaja Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019. Hiyo inasema waziwazi kwamba mtumishi wa umma aliyevunja haki za mtu atawajibika yeye binafsi, hata kama serikali nayo inawajibika, na kwamba mahakama ikiamuru fidia, yeye alipe sehemu yake.

Kwa maneno mengine, Bunge la Uganda limeshakubali kwamba kila mtu abebe mzigo wake. Imeandikwa. Kilichobaki ni kuitumia. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, na wa kuuliza ni sisi.

TUFANYE NINI?

Hatupendi makala za kulalamika zisizomwachia msomaji kazi. Haya tunayapendekeza.

Kwanza, kuwauliza wabunge wetu. Wakija kwenye maziko, kwenye harambee ya msikiti au kwenye Iddi, tusiridhike na bahasha na ng'ombe. Tuwaulize: mwaka huu serikali imelipa kiasi gani kwa fidia za mateso? Kwa makosa ya vituo vipi? Askari wangapi wamekatwa mishahara yao kama sheria ya 2019 inavyosema? Hesabu hiyo isomwe bungeni kila mwaka wakati wa bajeti, pamoja na majina. Mbunge asiyeweza kujibu, au asiyetaka kuuliza, tumkumbuke siku ya kura.

Pili, kuwafundisha watoto wetu haki zao kama tunavyowafundisha twahara. Mtu aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi ni bure, hailipiwi hata shilingi. Mtoto wa chini ya miaka 12 hana kosa la jinai, na mtoto yeyote asiwekwe chumba kimoja na wakubwa. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa kudhaniwa tu kuwa mzururaji. Kijana wa Koboko anayerudi kutoka sokoni Oraba usiku ajue hilo.

Tatu, kuacha kununua ukimya. Wazazi wengi mtoto akipigwa huenda usiku kwa mkubwa wa kituo wakatoa chochote ili mtoto arudi, kisha wanasema alhamdulillah, yamekwisha. Hayajakwisha. Yamehamia kwa mtoto wa jirani. Na rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji. Tunaelewa uchungu wa mzazi, lakini palipo na njia nyingine tuitafute hiyo.

Nne, kuandika. Mtu akiumizwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, apate fomu ya polisi namba 3 ijazwe na daktari. Picha zipigwe. Tarehe, saa, jina la kituo na namba iliyo kifuani mwa askari viandikwe. Kisha malalamiko yapelekwe kwenye kitengo cha nidhamu cha polisi na kwenye ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu, ambayo iko hapa hapa Arua. Sheria ya 2019 ya kumshika askari binafsi haifanyi kazi kama hatumjui askari mwenyewe. Ushahidi wa kusema "walikuja watu wenye sare" unaishia kwa Mwanasheria Mkuu, na kutoka hapo unarudi kwenye shilingi 500 ya mama.

Tano, misikiti na makanisa kushirikiana. Waliolala Ombaci walikuwa wamekimbilia kanisani, na waliolia Arua mwaka 2018 walikuwa wa dini zote. Kila eneo liwe na watu wawili watatu, mmoja wao mwanasheria au mtu aliyesoma, wanaoweza kuitwa usiku mtoto wa mtu anapokamatwa, na wafike kituoni kwa upole na kwa salamu. Askari akijua kwamba kuna macho yanayotazama, mara nyingi mkono wake huwa mwepesi. Na haya yote yafanywe bila jiwe wala matusi. Siku tutakaporusha jiwe, tutakuwa tumewapa kisingizio wale wanaokitafuta.

Mwisho, tusiwaache wenye msiba. Kama fidia inachelewa miaka, sisi tusichelewe. Mjane na mayatima wa aliyeuawa wana haki katika zaka zetu wakiwa mafukara, na wana haki ya kutembelewa hata kama si mafukara.

Tunamwomba Allah (s.w.) awarehemu waliouawa kwa dhuluma katika nchi hii, wa Ombaci na wa kila mahali, awaponye walioteswa, na awaongoze wenye bunduki wajue kwamba watasimama mbele yake kila mmoja peke yake, bila mkubwa wa kumtetea. Awape viongozi wetu ujasiri wa kulikataa ovu hadharani na kulilipa bila kushtakiwa. Na atupe sisi ulimi wa kusema haki kwa adabu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.